Bartali na Wema wa Siri

Gino Bartali aliaga dunia tarehe 5 Mei, 2000, naye ana miaka 85. Italia ilimlilia bingwa wake wa baiskeli, aliyeyashinda mashindano ya Giro d'Italia mara tatu, 1936, 1937 na 1946, na Tour de France mara mbili, 1938 na 1948. Miaka kumi baina ya ushindi na ushindi, na hapo kati vita vikuu vya dunia! Waama ni wachache wa kumfananisha naye. Lakini sehemu kubwa ya habari zake ilikuja kujulikana baada ya kuzikwa, na ndiyo iliyonifanya nimwandike hapa.

Alizaliwa mwaka 1914 katika kijiji cha Ponte a Ema, karibu na mji wa Florence. Alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, hata akaitwa Gino Mcha Mungu, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Mwaka 1936 nduguye mdogo, Giulio, alifariki kwa ajali mashindanoni, na ilikuwa kidogo tu Gino aiache baiskeli. Mwaka 1940 alimwoa Adriana, na aliyewafungisha ndoa ni Askofu Mkuu wa Florence, Kadinali Elia Dalla Costa. Walijaliwa watoto watatu, akaishi na mke huyo huyo hadi mauti. Kwa watu waliozoea makofi ya umma, hilo ni adimu kuliko medali.

Septemba 1943 majeshi ya Ujerumani yaliikalia Italia, Mayahudi wakaanza kusakwa nyumba kwa nyumba. Kadinali yule, pamoja na mapadri na wakubwa wa Kiyahudi, walikuwa na njia yao ya siri ya kuwanusuru watu, nao wakamhitaji mtu awezaye kupita vizuizi. Nani apitaye barabarani mchana kutwa asishukiwe, kama si bingwa aliye mazoezini? Basi picha na karatasi zilikunjwa zikatiwa ndani ya mabomba ya baiskeli, tandiko likarudishwa juu yake, Bartali akashika njia ya Assisi, safari ipitayo kilomita 150, ambako mchapaji mmoja na mwanawe walikuwa wakitengeneza vitambulisho vya bandia. Askari wakimsimamisha, aliwaomba wasiiguse baiskeli, kwa kuwa kila kipande kimepimwa kwa ajili ya mwendo. Lau wangaliifungua, angalipigwa risasi, na nyumbani alikuwa na mke na mtoto mdogo. Juu ya hayo aliificha familia moja ya Kiyahudi katika chumba cha chini ya nyumba. Wako wanahistoria wanaozitilia shaka baadhi ya habari za safari hizo, nao wana haki yao. Lakini habari ya maficho yale ilisimuliwa na mtu aliyekuwa mtoto mle ndani. Mwaka 2013 Bartali aliandikwa na Yad Vashem katika orodha ya watu wema walionusuru roho.

Nawasikia wanaouliza: Mkatoliki kumwokoa Myahudi, yatuhusu nini Waislamu wa pwani, nasi tunayaona yanayowafika Wapalestina? Yatuhusu. Dhuluma ya Wapalestina haipungui kwa kukiri kwamba mtoto wa Kiyahudi wa 1943 alidhulumiwa. Kila aliyepita chuoni anajua Suratul-Maida yasemaje juu ya mwenye kuihuisha nafsi moja. Na Waislamu wa Albania, katika vita hivyo hivyo, waliwaficha Mayahudi majumbani mwao.

Lakini linalonishika mimi zaidi ni ule ukimya wake. Bartali hakuwa bubu. Alinung'unika juu ya waamuzi, juu ya barabara, juu ya mambo ya nchi. Kwake kila kitu kilikuwa kimeharibika, kifanywe upya. Mtu wa maneno mengi namna hiyo, na jambo lile alilifunga kifuani zaidi ya nusu karne. Mwanawe Andrea aliambiwa kidogo kidogo, tena kwa sharti la kutosimulia. Watu walipotaka kumsifu, alijibu kwamba ziko medali za kutundikwa rohoni, si kotini.

Sasa tujitazame. Mwezi wa Ramadhani huletwa mfuko wa unga wa kilo mbili na wapiga picha watatu. Mjane anyoosha mkono, na kesho yake sura yake imeenea simuni mwa mji mzima, watoto wake wakachekwa shuleni. Ataniambia mtu kwamba sadaka ya dhahiri imeruhusiwa, na kwamba tajiri akionekana, tajiri mwenzake huona haya naye akatoa. Ni kweli, sibishi. Ila amalize na aya yenyewe ya Suratul-Baqara, aone ni ipi iliyotajwa kuwa bora, iliyo wazi au ile ifikayo kwa fakiri kwa siri. Tena tajiri ana hiari ya kuonekana, mjane hakuulizwa.

Ningependa Ramadhani ijayo kamati moja tu ya msikiti, Mombasa au Lamu, ipeleke futari usiku, mlango kwa mlango, bila kamera. Na wakishafanya, wasije kunambia.