Aladdin ya Kale na Aladdin Mpya



Mwezi huu tumetazama pamoja na watoto filamu zote mbili za Aladdin: ile ya katuni ya mwaka 1992, na ile ya waigizaji ya mwaka 2019.

Ya kale ingali tamu kwa vichekesho vya jini wa taa, lakini ina mwiba. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza katika majumba ya sinema, wimbo wa ufunguzi ulidai kwamba huko jangwani mtu hukatwa sikio kwa kuchukiwa sura tu. Waarabu wa Marekani walilalamika, na kaseti za nyumbani zilipotolewa mwaka 1993, maneno hayo yalikuwa yamebadilishwa. Hata hivyo, neno la kuiita nchi hiyo ya kishenzi lilibakishwa. Liliondolewa katika filamu ya 2019, ambamo pia binti mfalme anatawazwa kuwa sultani. Kwa maoni yetu, filamu mpya imezidi kwa adabu, ya kale imezidi kwa ladha.

Tulipokuwa tukiitazama ya kale, mtoto mmoja aliuliza: "Babu alitoka huko?" Tukaisimamisha filamu, tukamweleza kuwa babu alitoka kwa watu wanaompokea mgeni kwa kahawa na halua.

Sinema haisimami kwa ajili ya swali la mtoto, nyumbani yasimama. Basi tusiwaache watoto watazame peke yao.

Tukutane mwezi ujao, Inshaallah.