Kabla hujamfukuza mtu wa kaunta, angalia saa ya kompyuta

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee jambo ambalo wengi tunaliona dogo: saa ya kompyuta ya dukani. Msimamo wangu ni huu: saa ikikosea, ripoti zako haziaminiki, hata kama kila shilingi iko kwenye droo.

Kuna duka moja mtaani kwetu, kompyuta ilipelekwa kwa fundi ikapigwa Windows upya. Ilivyorudi, kila jioni wakitoa ripoti, hela inazidi mauzo na bidhaa zilizotoka ni nyingi kuliko zilizoandikwa. Bosi akajua tu dada wa kaunta anauza bila kuingiza kwenye mfumo. Akaanza kumtafutia mbadala. Niliitwa kuangalia programu, kumbe programu haina shida. Windows ilikuwa imeachwa kwenye saa za Pacific, magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu. Kwa hiyo chochote kilichouzwa kabla ya saa nne asubuhi kiliandikwa tarehe ya jana, na ripoti ya jana ilishatolewa. Yule dada hakuiba hata mia.

Ndio maana nasema lawama iwe ya mwisho. Anza na haya:

1. Linganisha saa ya kompyuta na ya simu yako. Angalia na tarehe, na mwaka pia.

2. Kama dakika ziko sawa ila saa zimepishana namba kamili, tatizo ni ukanda wa saa. Bonyeza kulia kwenye saa iliyo chini ya kioo, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, chagua UTC+03:00 Nairobi. Usishangae kukosa Dar es Salaam, saa zetu ni hizo hizo.

3. Kama imepishana saa 12 kamili, mtu amechanganya AM na PM. Hapa Waswahili tunajiponza wenyewe, maana sisi tunasema saa nane mchana na kompyuta inasema 2:00 PM. Weka mtindo wa saa 24. 14:00 ni mchana, 02:00 ni usiku, ubishi umeisha.

4. Kama kila ukizima umeme saa inarudi nyuma, hata miaka, hiyo ni betri. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri cha duara kama kifungo, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Hizi mashine za mtumba tunazonunua, nyingi zimekuja na betri iliyochoka. Zima, chomoa waya ukutani, angalia upande ilivyolala, weka mpya, halafu rekebisha tarehe. Kwa laptop mpe fundi, kwa sababu nyingine betri yake ina waya na kuifikia ni kazi.

Fundi akikwambia saa inarudi nyuma kwa hiyo inatakiwa Windows mpya, muulize kwanza kuhusu betri. Windows mpya haiwezi kuchaji betri iliyokufa.

5. Ukishamaliza, washa saa ijipange yenyewe kwa intaneti. Ila kama tarehe imepotea mbali sana, kompyuta inaweza kugoma kujirekebisha. Weka kwa mkono kwanza, karibu na ukweli, halafu iache ijimalizie.

Na kama mitandao inakataa kufunguka, inakwambia tovuti si salama, usikimbilie kununua bando lingine. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2012 itaona cheti cha leo bado hakijaanza kutumika.

Sasa kuna wale wanaorudisha saa nyuma makusudi ili programu ya majaribio isiishe muda. Mimi siungi mkono kabisa. Unaokoa hela ya programu, unaharibu kumbukumbu ya madeni na mauzo. Mteja akibisha kwamba alilipa Jumatano, utamwonyesha risiti gani wakati ya kwako inasema mwaka juzi? Ujumbe wa malipo kwenye simu yake una saa sahihi. Wewe ndio utaonekana tapeli.

Ushauri wangu wa mwisho: mtu wa kaunta mfungulie akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Kwa kawaida Windows haimruhusu mwenye akaunti hiyo kubadilisha saa. Hiyo inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe, maana siku hesabu zikigoma hakuna wa kumwambia "umechezea saa".

Kesho ukifungua duka, kabla ya kumuuzia mteja wa kwanza, tupia jicho pale chini kulia. Sekunde tano tu. Kazi njema.