Weka tupa chini, hiyo ni Ganesh

Kwenye mizani za Busia, mnunuzi akiletewa shaba ya manjano huchukua tupa kwanza. Anakwaruza chini, anatazama rangi. Ikiwa njano mpaka ndani, ni brasi ya kweli. Ikitokea rangi nyingine, ni chuma kilichopakwa. Kisha sumaku, kisha kilo. Koki ya maji, kitasa cha mlango na sanamu ya Ganesh, mungu wa Wahindu, ya kimo cha kiganja huingia gunia moja. Kazi hii ndiyo inayonilisha, na bado nasema tukome kuwatia tupa miungu ya watu.

Wenzangu hunijibu kwamba chuma hakina dini. Sawa, lakini kina mwenyewe. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliopanda garimoshi la Mombasa walipita hapo Tororo, mfukoni pauni 50 hivi, mizigo imepekuliwa na askari. Sanamu nzito si ya kubeba safari ya namna hiyo. Mama mmoja kutoka Tororo aliniletea sanamu ya mungu wa kike Lakshmi, ameifunga kwenye leso. Marehemu mamake alikuwa yaya kwa Waasia, akaachiwa sanamu hiyo aitunze mpaka tajiri arudi. Waasia wengine walirudi miaka ya tisini, Museveni alipowarudishia mali zao. Tajiri wake hakuonekana.

Lakshmi alikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, isipokuwa usoni, ambako miaka ya mchanga na waya wa kusugulia sufuria ilikuwa imemla pua. Mama alidhani anamheshimu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na weusi ule wa uzee hauna madhara. Unaofaa kukutisha ni unga wa kijani kibichi, maana huo unaendelea kula. Ndimu na chumvi zinang'arisha upesi, ndiyo maana zinapendwa, ila ukiloweka sanamu humo usiku kucha zinki inatoka, shaba inabaki, na asubuhi unakuta madoa ya waridi yasiyosugulika.

Mzee mmoja wa Kihindu wa Tororo, nilipompelekea yule Lakshmi, aliomba ukwaju. Aliuloweka kwenye maji ya vuguvugu, akapaka kwa kitambaa cha pamba, dakika chache tu, akasuuza kwa maji mengi. Kazi yenyewe ikawa kukausha: mikunjo ya nguo, kati ya vidole, chini ya kitako. Siku za ibada sanamu huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, na mabaki yakichachia kwenye mikunjo ile, brasi inaanza kuota kijani. Dawa za kopo hakuzitaka, kwa kuwa zinaacha unga mweupe machoni. Na zile sanamu mpya za dukani, nyingi zimepakwa vanishi: kitambaa chenye unyevu kinatosha, ukizisugua unatoa vanishi kwa mabaka. Pua ya Lakshmi aliiacha ilivyo.

Najua aliyeleta sanamu ana njaa leo. Yule mama nilimlipa uzito wake kamili, na sioni kwa nini mwenzangu ashindwe. Tunachopaswa kufanya ni kuiweka kando, bila tupa, na kupiga simu kwenye hekalu la Wahindu. Nao wazee wa hekalu wasingoje: waje kwenye mizani zetu, Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na Malaba, watuachie namba na watuonyeshe Krishna ni yupi na kinara cha taa ni kipi. Vijana wangu hawawezi kujua kwa kuzaliwa.

Upande wa Kenya sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inatudai leseni na kumbukumbu za tunachonunua. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yetu nchi nzima baada ya nguzo za umeme zilizoshukiwa kuibiwa vyuma kuanguka na nchi kukaa gizani, na tangu iruhusiwe tena kila mtu ana daftari, angalau la kumwonyesha askari. Langu lina jina, kitambulisho na uzito. Nimeongeza safu moja: imetoka nyumba gani. Kuna wanaofika hapo wakaanza kutazama boda boda iliyowaleta. Hao huondoka na gunia lao.