Kaseti Imeondoka, Sitara Isiondoke Nayo

Kipya kinyemi kingawa kidonda. Wazee walisema hivyo zamani, nasi watu wa pwani tumeuhakiki usemi huo katika nyumba zetu wenyewe. Santuri ilipokuja tuliifurahia. Redio ilipokuja tukaipa mahali pake barazani. Kisha ikaja kaseti, baada yake sahani ndogo za CD, na sasa simu ya mkononi imezimeza zote. Sina ugomvi na simu. Ninayo mfukoni na ninaitumia kama wenzangu. Ninalotaka kulisema leo ni jambo ambalo naona halisemwi: chombo cha zamani kinapoondoka huondoka na desturi iliyokizunguka, na desturi ya kaseti ilikuwa na adabu ndani yake ambayo tungali tunaihitaji.

Tuanzie mbali kidogo ili tuelewane. Santuri haikuwa chombo cha kila mtu. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti zao zinaswe na kampuni ya HMV. Upande mmoja wa sahani za siku zile ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo ambao arusini ungeweza kwenda robo saa nzima, watu wakitunza na mwimbaji akiurudia ubeti uliowagusa, ilibidi upunguzwe utoshe humo. Na aliyeamua nani anaswe na nani aachwe ni mwenye kampuni. Kwa hiyo kila kilichoingia katika santuri kilikusudiwa kuuzwa tangu mwanzo, na mwenye kuimba alijua kwamba atasikilizwa na asiyemjua.

Kaseti ilileta mambo mengine. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka wa 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 ilienea mijini na mashambani. Chombo kimoja kikawa chapiga na chanasa. Ukanda wa dakika 60 ulibeba nusu saa kila upande, na ule wa dakika 90 ulibeba dakika 45, kwa hiyo wimbo uliachwa uende mpaka umalizike. Mtu wa kawaida mwenye redio ya kaseti na betri zake akapata uwezo ambao hapo awali ulikuwa wa kampuni peke yake. Hapa Mombasa jina la Mbwana Radio Service likawa halimpotei mpenzi yeyote wa taarabu. Na kwa njia ya kaseti sauti za kina Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma zilisafiri mpaka majumba ambayo waimbaji wenyewe hawakupata kuyakanyaga. Kadhalika mawaidha. Sheikh aliyefasiri Qurani msikitini mwezi wa Ramadhani alisikilizwa na mama aliyekuwa jikoni akikanda unga wa mkate wa mofa. Na kisomo cha Sheikh Abdul Basit kutoka Misri kilitoka madirishani alasiri ya Ijumaa kama kwamba msomaji yumo chumbani.

Lakini kaseti zilizokuwa na thamani kubwa kuliko zote hazikuuzwa dukani. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni kaseti ya barua. Vijana wetu walioondoka kwenda kutafuta riziki Maskati, Dubai na Jeddah walinena ndani ya kaseti, wakampa msafiri, naye akaileta mkononi. Barua ya wino iliyomfikia mzee asiyejua kusoma ilihitaji msomaji, na msomaji alijua yote: fedha kiasi gani zimetumwa, nani ameudhika na nani. Kaseti ilimfikia mama moja kwa moja. Alifunga mlango, akasikiliza, akalia, kisha akageuza upande wa pili akajibu.

Namna ya pili ni kaseti ya arusi, na hapa nakusudia hasa ile iliyonaswa ndani, kwa wanawake: vugo, lelemama, nyimbo za kumtia bibi arusi, na zile beti za mafumbo ambazo jirani humwimbia jirani yake akajua mwenyewe amesemwa. Wanaume hatukuwa humo, na haikutupasa kuwa humo. Nyumbani kwetu kaseti hizo zilikaa katika sanduku, chini ya leso zilizokunjwa, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mama. Vile vimeno viwili vya nyuma ya kaseti vilivunjwa ili mtoto asije akanasa mpira wa redioni juu ya sauti ya shangazi yake.

Sasa tazama jinsi kaseti hiyo ilivyokuwa ikitoka nyumba moja kwenda nyingine. Jirani aliyeitaka ilimbidi aje mwenyewe. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa, akauliza hali za watu, na mwishowe akaomba. Mwenye kaseti aliweza kusema ndiyo, aliweza pia kusema, "Hii siitoi, mwanangu, njoo usikilize hapa hapa." Kama aliitoa, kunakili saa moja kwa redio nyingi kulitaka saa nzima na redio mbili, na nakala ya nakala ilizidi kuwa na mvumo mpaka maneno yakapotea. Kwa ufupi, uzito wa chombo ndio uliokuwa bawabu. Surat Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu kabla ya kutaka idhini na kutoa salamu. Kwa miaka mingi hatukuhitaji mtu wa kutukumbusha kwamba mafunzo hayo yanahusu sauti vilevile, kwa sababu kaseti yenyewe ilitulazimisha kubisha hodi.

Simu haibishi hodi. Hapo ndipo palipo tofauti, na wala si katika ubora wa sauti. Nakala ya simuni haipungui hata ikirudiwa mara elfu, haitaki saa wala dakika, na anayeipeleka hahitaji kuondoka kitandani. Nakiri kwamba faida zake ni kubwa. Tangu WhatsApp walipoleta ujumbe wa sauti mwaka wa 2013, mama hangoji tena msafiri wa Maskati. Mwanawe humsalimu asubuhi naye akamjibu kabla ya adhuhuri. Qurani nzima, kwa kisomo cha msomaji umtakaye, imo katika kitu cha ukubwa wa kiganja. Anayesema turudi kwenye kaseti anacheza. Hata Sony, walioipatia dunia Walkman mwaka wa 1979, walitangaza mwaka wa 2010 kwamba hawatauza tena ile ya kaseti kwao Japani.

Walakini nilipata kuletewa simuni, na mtu ambaye hata simjui vizuri, sauti za vugo la wanawake. Nilidhani ni jambo la kuuzwa. Nilipofungua nikasikia wanawake wakiitana kwa majina, wakichekana, wakitaja mtaa na mlango. Na kwa majina hayo nikafahamu kuwa ni arusi ya miaka ya 1980 ya watu ninaowajua. Baadhi ya sauti zile ni za waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Nikaifuta, nikamwambia aliyeileta aifute. Lakini yeye aliipata katika kundi la watu zaidi ya mia mbili. Baadaye nikaelezwa kwamba mwenye kaseti, mwanamke mtu mzima, aliitoa kwa fundi ili apate kuisikia tena kabla ya kufa kwake. Wala hakujua kuwa imetoka hapo ikazagaa. Alipoambiwa hakusema kitu. Alizichukua zilizobaki akasema zitachomwa.

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Siingii katika hitilafu za wanavyuoni juu ya sauti ya mwanamke. Wenyewe wapo na vitabu vyao wanavijua. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo, na nadhani hakuna wa kuipinga. Wanawake wale waliimba kwa sharti. Sharti lilikuwa mlango uliofungwa. Tumefundishwa kwamba yasemwayo katika kikao ni amana, na amana haifi kwa sababu ukanda umekuwa mzee au kwa sababu mwimbaji amezikwa. Siku hizi kadi nyingi za mwaliko wa kupamba huandikwa kabisa kwamba simu na kamera haziruhusiwi ukumbini, na mlangoni huwekwa mtu wa kuzipokea. Basi ikiwa arusi ya juzi tunailinda hivyo, ni kwa haki gani arusi ya mwaka wa 1983 tuitupe barabarani?

Wapo watakaosema: kwa hiyo bibi yule alikuwa na haki, na zichomwe zote. Mimi namwonea huruma lakini simwungi mkono. Ndani ya kaseti zile mna Kimvita na Kiamu ambacho hakisemwi tena na vijana, mna beti ambazo hazikupata kuandikwa popote, mna majina ya mababu na nasaba, mna namna ya kupiga pembe ya vugo na namna ya kuipokea. Wanaume tuna majina yetu katika vitabu; historia ya mama zetu aghalabu imo katika ukanda huo wa rangi ya kahawia. Ukiuchoma, anayekosa urithi si mimi. Ni mjukuu wa kike.

Na hata tusipozichoma, hazitangoja. Ukanda wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa vumbi la madini kwa gundi, na gundi hiyo hunywa unyevu. Hewa yetu ya chumvi na joto huleta ukungu, ambao waweza kuuona kama unga mweupe ukitazama kupitia kidirisha. Ukanda uliokaa miaka mingi bila kuzungushwa huachia sauti ya tabaka moja katika tabaka jingine, ukalisikia neno kwa mbali kabla ya kusemwa. Redio zenyewe nazo, mikanda yake ya mpira imelegea au imeyeyuka, na mafundi wanaojua kuibadilisha wanazidi kupungua.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tuziokoe, lakini kwa kuzitenga. Kaseti za taarabu zilizotolewa na maduka ni mali ya waimbaji na watunzi, au ya warithi wao. Juma Bhalo alifariki mwaka wa 2014 na Zein l'Abdin mwaka wa 2016, na haki za watu kama hao hazikuzikwa pamoja nao. Kaseti za mawaidha, darasa na maulidi zilizonaswa hadharani zingefaa zikusanywe, ziandikwe jina la sheikh, msikiti na mwaka, na nakala ipelekwe kwa wenye kutunza elimu, kama vile Makumbusho ya Kitaifa, ambayo ofisi zake si mbali na sisi. Lakini kaseti za ndani, za arusi za wanawake na barua za jamaa, zibaki ndani. Zihamishwe, ndiyo, zisitangazwe.

Nani azihamishe? Mabinti zetu. Kazi hii haihitaji shahada. Inataka redio moja nzima, waya wa kuiunganisha na kompyuta, pamba na spiriti ya kusafishia kichwa cha redio, na subira, kwa kuwa hapa bado saa moja ya kaseti yataka saa moja ya mtu. Ukanda wenye ukungu usitiwe redioni kabla ya kusafishwa, maana utauchafua na ule utakaofuata. Ulionyamaza miaka mingi uzungushwe kwanza polepole mpaka mwisho na kurudi. Penseli ile ya zamani ingali inafaa. Msichana mmoja katika kila mtaa akijifunza kazi hii, akaifanya sebuleni kwa bibi, bibi mwenyewe yupo akimtajia anayeimba ni nani na anamsema nani, basi hakuna ukanda utakaohitaji kutoka mlangoni kwenda kwa fundi wa kiume njiani. Na bibi atakuwa amepata mtu wa kumsikiliza.

Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka wa 2019, na ni vema ipo. Lakini sheria haikai sebuleni, wala haijui ufunguo umefungwa kiunoni mwa nani. Mlinzi wa sauti hizi ni yule ambaye simu imo mkononi mwake, ambaye kabla ya kuipeleka mbele atajiuliza: mwenyewe ameniruhusu? Kama hajui jibu, na anyamaze nayo. Desturi ya hodi ilikuwa yetu kabla ya kaseti kuja, na hakuna sababu ya kuiacha sasa kwa kuwa mlango umekuwa mwepesi kufunguka.