Upinde wa Babu na Vanishi ya Wasomi

Katika nyumba nyingi za wasomi wetu mijini, na katika ofisi kadha wa kadha tulizozipitia katika utumishi wetu, utakuta upinde umetundikwa ukutani. Umepakwa vanishi hata unang'aa kama mguu wa meza. Mahali pa upote pana uzi wa nailoni, tena umelegea. Mishale miwili imepishanishwa chini yake, haina manyoya. Mgeni akiuliza hiki ni kitu gani, mwenyeji hujibu kwa fahari kwamba huo ndio utamaduni wetu. Mgeni akiuliza umechongwa kwa mti gani, na upote wa asili husokotwaje, mwenyeji humkaribisha chai. Sisi twasema huo ni ukuni uliopakwa rangi, na kadiri tunavyozidi kuuita utamaduni ndivyo tunavyozidi kujizuia kuutafuta ulio wa kweli.

Tusije tukaambiwa kwamba twawasema wenzetu tu. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Upinde wetu ulikuwa wa babu, mzaa baba, aliyekuwa mwindaji na mrina asali katika misitu ya Unyamwezi. Yeye aliuweka darini, juu ya meko, ili moshi uufikie kila siku na wadudu wauogope. Babu akafa, na baadaye baba naye akafa. Tukauchukua upinde mjini, tukauweka juu ya kabati, chini ya bati la moto. Ulikaa hapo miaka kumi na mitatu. Siku tulipoushusha ulikuwa mkavu kama mfupa, na upande mmoja umetobolewa na wadudu. Basi tukafanya wafanyavyo waungwana. Tukanunua msasa, tukausugua upinde mpaka ukawa mweupe, tukaupaka vanishi mara mbili, tukaufunga uzi wa nailoni. Kisha, kwa kuwa watoto walikuwa wakitutazama, tukauvuta. Ulilia mara moja tu. Mlio ule, ndugu msomaji, hatujausahau.

Tulifunga safari hadi kijijini kwa mzee mmoja aliyekuwa akichonga pinde katika ujana wake. Tulimwamkia, tukajitaja sisi ni wa ukoo gani, tukaketi. Si adabu mtu kuanza na shida yake. Alipoupokea upinde hakuutazama ufa kwanza. Aliunusa. Kisha akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, toka ncha hadi ncha, akauliza:

"Mwanangu, nani aliyeuchuna ngozi?"

Tukajibu kwamba ni sisi. Akanyamaza kitambo.

"Basi utauuguza wewe mwenyewe. Mimi nitaketi hapa nikuonyeshe."

Siku ile tulijifunza jambo ambalo shule haikutufundisha. Upinde una mgongo na una tumbo. Mgongo ni upande unaoelekea windo. Tumbo ni upande unaomwelekea mpigaji. Upinde ukivutwa, mgongo hutanuka na tumbo hubanwa. Nyuzi za mti zilizo mgongoni, zile za nje kabisa zilizokuwa jirani na gome, ndizo zinazoubeba mzigo wa kutanuka, na fundi huzifuata toka mwanzo hadi mwisho bila kuzikata. Ukizikata, kwa kisu au kwa msasa, umeufungulia ufa mlango. Mwalimu wa fizikia atatuambia kwamba hilo ni somo la mkazo na mgandamizo, nalo limo vitabuni. Limo, hatukatai. Lakini mtoto huonyeshwa somo hilo kwa springi ya chuma iliyotoka ng'ambo, ilhali chombo cha babu yake, kilichojengwa juu ya elimu ile ile, kimetundikwa sebuleni kama pambo.

Vanishi tuliikwangua kwa kigae cha chupa, polepole, bila kuugusa mgongo tena. Matundu ya wadudu yalizibwa kwa nta ya nyuki. Pale palipopasuka, mzee alipafunga kwa kano iliyolowekwa, kwa sababu kano mbichi ikikauka hujikaza na kubana kuliko uzi wowote wa dukani. Kila jioni tuliukanda upinde kwa mafuta ya ng'ombe, karibu na moto lakini si juu yake. Baada ya siku tisa ndipo alipoturuhusu kuukunja juu ya goti, kiasi cha upana wa vidole viwili, kisha tuuache ulale. Kesho yake vidole vitatu. Tulipotaka kuharakisha alitutuma tukachote maji. Alituambia mti ule ni mkole, na kwamba aliyeuchonga aliuchagua vizuri. Sifa hiyo kwa babu yetu ilitufurahisha, lakini ilifuatwa na nyingine isiyokuwa sifa. Nusu ya nguvu za upinde, alisema, imekwenda na msasa wenu, wala haitarudi.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa upote, wa kijiji cha jirani. Kano za mgongo wa ng'ombe tulizipata sokoni kwa muuza nyama, naye alicheka, maana yeye huwatupia mbwa. Zilianikwa kivulini, zikapondwa juu ya jiwe, zikachambuliwa nyuzi nyuzi, zikalowanishwa kwa mate, zikasokotwa juu ya paja. Uzi mmoja ukikaribia kwisha, mwingine huingizwa ndani yake hata usikione kiungo. Vidole vyetu vilivyozoea kalamu viliharibu kano za ng'ombe wawili kabla hatujapata pima moja ya upote unaofaa. Naye alitupa amri moja: upinde usiotumika uvuliwe upote, kwani ukilala umekunjwa usiku hata usiku husahau kunyooka. Hebu wakumbuke wenye pinde za sebuleni, zilizofungwa nyuzi tangu siku ya sherehe ya nyumba.

Hapa twapenda kusema neno kwa walimu wa Kiswahili, maana sisi ni watunzi wa mashairi na jambo hili linatuuma zaidi ya mengine. Mwalimu, jaribu darasani kwako. Waulize vijana wa kidato cha tatu upote ni nini. Waulize podo, na wano, na kigumba. Wengi wataujua upinde wa mvua, basi. Hawatajua kwamba upote ndio uzi wa upinde, podo ni ala ya kuchukulia mishale, wano ni uti wa mshale, na kigumba ni chembe yake yenye vinyoya vya kunasa. Neno uta, ambalo lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, litawapita kama neno geni. Kisha twawapa vijana hao habari za Fumo Liyongo, shujaa ambaye Muhamadi Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913. Twawasimulia jinsi alivyochomwa sindano kitovuni, akaenda kisimani, akapiga goti na uta wake mkononi, akafa katika hali ile, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwanafunzi anakariri kisa, anafaulu mtihani, na hajapata kushika uta hata siku moja ili ajue kwa nini maiti yenye uta ilitosha kuwatisha watu wazima. Maneno haya yamo katika kamusi. Lakini kamusi humweleza mtu maana ya upote, haimwonyeshi pajani.

Wako wasemao kwamba upinde ni alama ya kurudi nyuma, na kwamba taifa linalotaka maendeleo halina haja ya kufundisha watoto silaha za porini. Kasumba hiyo twaijua ilikotoka. Twawakumbusha tu kwamba miaka ya mwanzo ya 1980, wezi wa mifugo walipozidi katika Usukuma na Unyamwezi, wananchi waliounda Sungusungu walishika pinde na mishale. Tulikuwa watoto wakati huo, na tulilala usingizi kwa sababu wazee wa kijiji walikesha na vitu hivyo hivyo ambavyo leo vyaitwa vya kale. Hatusemi kwamba kila walilofanya lilikuwa la haki. Twasema kwamba chombo kilichoulinda usingizi wetu hakistahili kudharauliwa na sisi tulioulala.

Wengine hutuuliza kama twataka vijana wawe majangili. La hasha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yatubana sote, na sisi tuliokula mshahara wa serikali miaka thelathini si watu wa kuwashauri wengine waivunje. Upinde wetu umepigwa kwenye kichuguu, nacho hakikulalamika.

Hoja iliyo nzito ni ya watunza makumbusho. Wao husema kitu cha kale kisiguswe, kisivutwe, kisipakwe chochote, maana kila mkono unaokitengeneza hukiondolea sehemu ya ukweli wake. Tukiutazama mgongo wa upinde wetu uliochunwa, hatuna la kuwapinga. Laiti tungaliwasikiliza kabla ya kununua msasa! Upinde ambao ni wa pekee, ulioshikwa na mtu wa historia, na ukae katika kabati lake la kioo. Lakini kabati la kioo hutunza mti. Kadi iliyo chini yake itakupa urefu, kabila na mwaka ulipopatikana, na ukiisoma mara mia hutaweza kuchonga mwingine. Kama twakataza upinde wa zamani usivutwe, basi haki inatudai tumlete mzee achonge mpya mbele ya vijana, aharibu miti, achague tena, aeleze kwa nini tawi hili linafaa na lile halifai. Hilo hatulifanyi, na hatuna kisingizio.

Wala tusijidanganye kwamba elimu hii imekwisha kufa nchi nzima. Kando ya ziwa Eyasi, Wahadzabe wangali wakichonga pinde zao wenyewe na kusokota upote wa kano, na mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali mdogo, akakua nao. Hao ndio watu ambao baadhi yetu, tena wenye vyeti, huwataja kwa kicheko. Watalii huvuka bahari kwenda kuwatazama. Ni walimu wangapi wa shule zetu waliokwenda kwao ili wafundishwe? Waswahili husema ukiona vyaelea vimeundwa. Sisi twavipiga picha vinavyoelea, na aliyeviunda hatumjui hata jina.

Tunalolitaka si kubwa. Kila shule ya sekondari ina mzee katika ujirani wake anayejua jambo moja ambalo hakuna mwalimu wa shule ile anayelijua: upote, mtego wa samaki, mzinga, ngoma, ususi. Aalikwe aketi na vijana, si dakika kumi wakati wa sherehe kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, bali muhula mzima, na alipwe kama alipwavyo mwalimu mwingine yeyote. Tunasema alipwe, kwa sababu tumeyaona. Mwaka mmoja tulipendekeza wale wazee wawili wafundishe katika tamasha la shule. Ofisi iliyohusika ilikubali kwa maneno mazuri. Hati ya malipo ilipofika mezani, karani aliuliza wakufunzi hawa wana cheti gani, kwa kuwa fomu ina nafasi ya namba ya cheti, na nafasi hiyo haiwezi kuachwa wazi. Hawakulipwa, wala hawakuja. Siku ile ile zilipatikana fedha za kununua pinde sita za mapambo kutoka duka la vinyago, nazo zikatundikwa jukwaani. Zilikuwa na vanishi.

Basi fomu hiyo na ibadilishwe. Tumekaa na fomu miaka mingi, twajua kwamba hubadilishwa kila mwaka kwa mambo madogo kuliko haya. Na ibadilishwe mapema. Mzee wa upote amekwisha kupita miaka themanini, macho yake hayauoni tena uzi, na sasa husokota kwa kupapasa. Anaye mwanafunzi mmoja tu, yule kijana anayemsaidia muuza nyama sokoni, ambaye huja kwake jioni baada ya kazi na fungu la kano ndani ya mfuko wa nailoni.