Kifafa si pepo, na dawa yake isikatike

Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru katika barabara ya Arusha kwenda Moshi, imepata jina kwa rangi ya maji ya mto wake. Watoto wengi wa huko waliota meno ya kahawia, na wengine wakapinda miguu. Wataalamu walipoyapima maji, walikuta madini ya floridi yamezidi kiasi kinachoufaa mwili. Jirani hapo, Ngurdoto, kikawekwa kituo cha utafiti, na chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa likatumika kuyapunguza. Kujua chanzo ndiko kulikofungua njia.

Sisi wa visiwani tunalo funzo hapo. Kwetu yupo mgonjwa ambaye chanzo cha maradhi yake kimekwisha kuelezwa na sayansi, lakini angali anatazamwa kwa hofu. Huyo ni mwenye kifafa.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita baina ya chembe zake. Zipo kemikali zinazozichochea chembe hizo, na zipo zinazozituliza. Mizani hiyo inapovunjika, chembe nyingi hulipuka kwa pamoja, na mtu huanguka. Daktari Mwingereza Hughlings Jackson aliyaeleza haya katika miaka ya 1870, na mwaka 1929 Mjerumani Hans Berger akatangaza kuwa umeme wa ubongo wa binadamu waweza kupimwa. Mizani yaweza kuharibiwa na malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo, uzazi mgumu, jeraha la kichwa au mayai ya tegu wa nguruwe. Katika orodha hiyo hamna pepo wala jini, wala povu la mgonjwa haliambukizi.

Dawa nayo si ngeni. Tangu mwaka 1912 imejulikana kuwa fenobabitoni, inayoongeza nguvu ya utulivu katika ubongo, huzuia kifafa, na bei yake ni ndogo. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, na watu waliokuwa wametengwa wakarudi mashambani kwao. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 wilayani Hai, jirani na Meru, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa wakipata dawa. Shirika la Afya Duniani lasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Kwa hiyo tunawaambia wakuu wa afya bila kuficha: dawa hii ikikatishwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, na chaweza kuua. Zahanati iliyoishiwa kwa wiki mbili haijachelewesha huduma tu, imemhatarisha mtu. Mvuvi akianguka ngalawani, au mama akianguka penye jiko, hakuna wa kungoja shehena ijayo.

Wananchi nao wana wajibu wao. Aanguapo mtu, alazwe ubavu, aondolewe penye moto na maji, wala asitiwe kitu kinywani. Mwenye kutaka kumsomea dua amsomee, lakini asimzuie kwenda hospitali. Mtoto mwenye kifafa apelekwe skuli kama wenziwe.

Ujuzi tunao. Kilichobaki ni kuufikisha kisiwani pamoja na vidonge vyake.