Askari Magereza Haandaliwi kwa Majibu ya Kununua

Jeshi la Magereza linapotangaza nafasi za kazi, habari huenea mkoani Mtwara upesi kama habari ya bei ya korosho. Vijana waliohitimu kidato cha nne na cha sita hutoka Msimbati, Nanyamba na Mahurunga, wakaja mjini wamebeba vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa na barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono. Barua hiyo haipelekwi posta wala haikabidhiwi mtu getini. Hupigwa picha kwa mashine na kutumwa kwa mtandao, kwa kuwa maombi ya njia nyingine hayapokelewi. Basi foleni hupangwa mbele ya steshenari, na kando ya foleni hiyo huzuka biashara ya pili. Yuko anayeuza kijitabu cha "maswali na majibu yote ya usaili". Yuko anayeuza nafasi katika kundi la simu ambamo majibu yatatumwa usiku wa kuamkia mtihani. Na yuko kishoka anayedai kuwa anamjua mkubwa makao makuu, na kwamba kwa kitita fulani cha fedha hakuna haja ya kusoma chochote.

Biashara hii ni ulanguzi mtupu. Zamani mlanguzi alificha sukari na sabuni akangoja shida izidi. Mlanguzi wa leo anauza matumaini kwa mtoto wa mkulima aliyekwisha kuuza mbuzi ili apate nauli. Lakini kumlaani mlanguzi peke yake hakutoshi. Ulanguzi hustawi pale bidhaa halali ilipoadimika, na bidhaa iliyoadimika hapa ni maandalizi ya kweli. Wenye uwezo wa kuitoa bidhaa hiyo bila malipo wapo. Ni walimu na watumishi wa umma, na wengi wao wamenyamaza.

Hapana budi kwanza kuiondoa hoja moja potofu. Wapo wanaodai kuwa adui ni mtihani wenyewe wa kompyuta, na kwamba haki itapatikana kwa kurudia barua za posta na usaili wa makundi. Wenye kusema hivyo wamesahau upesi. Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Waliandika majibu yao wakiwa wameketi kwenye viti vya watazamaji wa mpira. Kijana wa Mtwara aliyetaka kuwa miongoni mwao ilimpasa asafiri zaidi ya kilomita 500, atafute pa kulala katika mji asioujua, kisha arudi kwao kungoja. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipata waombaji zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596, yaani watu wasiopungua 84 wakigombea kiti kimoja. Hakuna ofisi yenye macho ya kutosha kuwapima watu wengi kiasi hicho kwa haki bila ya mchujo. Mtihani unaosahihishwa na mashine una fadhila moja kubwa: haujali jina la ukoo wa mtahiniwa, wala haupokei kimemo.

Ndiyo maana Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imeanza kuutumia mchujo wa kompyuta, watahiniwa wakiufanya huko huko mikoani. Majeshi yana taratibu zake, lakini upepo unavuma upande huo huo. Kijana anayeitamani sare ya magereza na aanze kujiandaa leo, asingoje tangazo.

Hata hivyo, lango lililo wazi kwa wote halina maana kwamba njia ya kulifikia ni sawa kwa wote. Mtoto wa ofisa anayeishi Shangani amezoea kompyuta tangu utotoni. Mwenzake wa kijiji cha ukingoni mwa Ruvuma pengine ataishika kwa mara ya kwanza siku ile ile ya mtihani, saa ikihesabu dakika mbele ya macho yake. Anajua jibu, lakini kidole hakijui njia. Akishindwa, orodha ya majina haitasema kuwa alishindwa na kipanya. Itasema tu kwamba hakuchaguliwa, naye ataamini kuwa hana akili.

Tena mtandao wenyewe una udhaifu wake. Mwezi Mei 2024 watu wa kusini waliupata ushahidi wa pande mbili. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa mwezi, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, magari yakasimama kwa siku kadhaa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Katika mwezi mmoja mkoa ulifungiwa njia ya nchi kavu na njia ya mtandao. Anayepanga tarehe ya mwisho ya maombi au saa ya mtihani akiwa Dodoma ana wajibu wa kuikumbuka Mei ile.

Sasa yafaa kueleza mtihani huu hupima nini, kwa sababu mlanguzi hulisha ujinga kwa kuufanya uonekane kama uganga. Mtihani wa kupima uwezo hauulizi yaliyokaririwa. Humpa mtahiniwa hesabu za asilimia, uwiano na sehemu. Humpa kifungu cha habari na kumwuliza ni lipi linalotokana na maelezo na lipi limeongezwa. Humpa orodha mbili za majina na namba ili atambue kosa. Humweka katika tukio la kazini na kumwuliza ni hatua ipi ya kwanza. Muda wake ni mfupi kwa makusudi. Maswali hubadilishwa, kwa hiyo anayekariri majibu ya mwaka jana amenunua kalenda ya mwaka jana.

Je, mambo hayo yana uhusiano gani na ufunguo wa gereza? Yana uhusiano wa damu. Askari wa zamu huhesabu wafungwa asubuhi na jioni, na hesabu isipokubaliana na kitabu hakuna anayelala. Husoma hati ya mahakama, ambamo jina moja lililokosewa laweza kumweka ndani mtu asiyestahili. Zaidi ya yote, gereza ni mahali ambapo hesabu ya sehemu ni uhuru wa binadamu. Sheria ya Magereza ya 1967 inampa mfungwa anayestahili punguzo la theluthi moja ya kifungo chake. Na Rais anapotoa msamaha katika sikukuu ya taifa, kwa mfano wa robo ya kifungo, robo hiyo huhesabiwa baada ya theluthi kwisha kutolewa.

Chukua kifungo cha miezi 36. Toa theluthi, yaani 12, inabaki 24. Toa robo ya 24, yaani 6, inabaki 18. Karani anayeichukua robo ya 36 atampunguzia mfungwa miezi 9 badala ya 6, naye atatoka miezi mitatu kabla ya siku yake. Karani anayeisahau theluthi atapata 27, na mtu aliyekwisha kumaliza adhabu yake atakaa kifungoni miezi tisa bila ya hukumu ya mahakama yoyote. Miezi tisa ni msimu mzima wa korosho, tangu palizi hadi mnada. Hesabu ya darasa la saba ikikosewa katika daftari la shule hufutwa kwa kifutio. Ikikosewa gerezani hulipwa na mke na watoto wa mtu.

Kwa hiyo anayenunua majibu hajaidanganya mashine tu. Amejipenyeza mahali ambapo wengine watalipa gharama ya ujinga wake. Na aliyenunua kazi atataka fedha yake irudi. Nani atakayemrudishia, kama si mfungwa na jamaa zake wanaokuja kumwona? Askari aliyeingia kwa mlango wa rushwa ataligeuza kila kufuli kuwa duka.

Wapo watakaojibu kwamba kompyuta haiupimi utu, na kwamba askari magereza huhitaji moyo kuliko hesabu. Hoja hiyo ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2015, zinataka watumishi wa magereza wachaguliwe kwa uangalifu kwa kutazama uaminifu, utu, ujuzi na kufaa kwao kwa kazi hiyo. Zinataka pia wafunzwe kabla ya kuanza kazi, na wapimwe kwa nadharia na kwa vitendo. Nchini Tanzania fikra hiyo si ngeni. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikwisha kuonya dhidi ya kuabudu mtihani, na Azimio la Musoma la 1974 likataka tabia na kazi za mwanafunzi zitazamwe pamoja na alama zake.

Lakini hoja hiyo haiuondoi mtihani. Inauweka mahali pake. Kompyuta ni chekeche tu: hutenganisha chuya na mchele, haipiki chakula. Baada yake lazima uwepo usaili wa ana kwa ana, uchunguzi wa mwenendo wa mtu huko kijijini kwake, na mafunzo ya kweli katika Chuo cha Magereza Kiwira. Anayetaka chekeche litupwe kwa sababu halipiki anakaribisha mawe chunguni.

Basi walimu wafanye nini? Chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari kisifungwe kwa kufuli masomo yanapokwisha mchana, huku vijana wa kata hiyo hiyo wakilipia dakika mjini. Saa mbili kwa juma, chini ya mwalimu mmoja, zatosha kumfundisha kijana kutumia kipanya, kusoma maelekezo kabla ya kubofya, kuliacha swali gumu na kulirudia baadaye, na kupiga hesabu za sehemu bila ya kikokotoo. Mwalimu wa Kiswahili ana kazi ya ufahamu na ufupisho. Mwalimu wa uraia ana kazi ya kueleza haki za mfungwa na mipaka ya askari. Wala hakuna kinachomzuia mwalimu wa hesabu kuufanya mfano wa theluthi na robo kuwa zoezi la darasani. Chuo cha Ualimu Mtwara na Maktaba ya Mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nao watumishi wa umma wana wajibu usiokwepeka. Ofisi zinazoajiri zichapishe mifano ya maswali kwa Kiswahili fasaha, bure, mapema, na kuibandika hata katika ofisi za kata. Siku mfano halali utakapokuwa ukutani, kijitabu cha mlanguzi kitakosa mnunuzi. Tarehe ya mwisho ya maombi iwe na nafasi ya kusogezwa mtandao unapokatika, na kituo cha mtihani kilichozimikiwa umeme kipangiwe siku nyingine bila ya mtahiniwa kubembeleza. Kila tangazo lieleze waziwazi kwamba ajira haiuzwi, na litaje mahali pa kumshitaki anayeiuza. Mtumishi atakayekamatwa akishirikiana na vishoka aondolewe kazini na afikishwe mahakamani, maana uhamisho kwa mwizi ni soko jipya tu.

Vijana nao wasidanganyike. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayekwepa zoezi la hesabu leo atalilipia kwa miaka ya kutangatanga. Fedha ya kijitabu cha majibu inanunua daftari, kalamu na nauli ya kwenda maktaba.

Gereza la Lilungu liko Mtwara mjini, nalo lina watu wanaohesabu siku. Kila mmoja wao anangoja theluthi yake ihesabiwe na askari anayejua kuhesabu, aliyeipata kazi yake bila ya kuinunua, na kwa hiyo hana deni la kumdai mfungwa. Askari huyo bado yu kijijini, na anamngoja mwalimu aufungue mlango wa chumba cha kompyuta.